Jani Lililoonjwa

Katika msitu ule ardhi ililowa kwanza, kisha mawingu ndiyo yakaja. Sadala alikwisha kuyazoea mambo hayo. Miaka saba, au tangu asubuhi, alikuwa akiingia na kutoka humo kwa mlango wa kusini wa Jumba la Majina, na alichojifunza ni kutouliza kipi kimetangulia kipi. Saa yake ya mkononi ilikufa siku ya kwanza, saa nne na dakika kumi. Tangu siku hiyo kila alipoitazama ilikuwa saa nne na dakika kumi, wakati wa chai, na kila mara alijiona mtu aliyewahi.

Wala Jumba lenyewe halikuwa la kutisha. Wanaopenda kutishwa na majumba na waende kwenye mapango yenye mafuvu. Hili lilikuwa na kuta nyeupe, ngazi zilizodekiwa, na birika la chai lisilopoa. Ubaya ukivaa vizuri hupewa kiti. Katika ukumbi wake mrefu mlikuwa na milango, na kila mlango ulifungukia nchi ya watu wengine. Sadala alipewa mlango wa kusini kabisa, unaofungukia msitu wa Wamaori, kule ambako jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini na mikangaga hurefuka ikawa miti. Kifuani alibandikwa kibao kidogo kilichoandikwa MTAMBUZI. Mkononi alipewa mkasi, mbao mbili za kubania majani, kamba, na kopo la dawa ya wadudu. Amri yake ilikuwa fupi: autafute kila mmea ambao wenyeji huufanya dawa, autambue, auchume, aubane katikati ya mbao hadi ukauke, auandike katika Daftari Kuu.

Ukutani palibandikwa sheria: Kisichokuwamo Daftarini hakipo. Sheria hiyo ilikuwa na nusu ya pili ambayo haikuandikwa popote, ila Sadala aliiona kwa macho yake. Kilichomo Daftarini hakina haja ya kuwapo kwingine. Alipoiandika koromiko, ambayo watu wa huko hutafuna vichipukizi vyake tumbo linapoharisha, kesho yake kilima kizima cha koromiko kilikuwa udongo mtupu. Alipoiandika manuka, mti wa maua meupe yenye asali, nyuki walizunguka siku tatu mahali ilipokuwa, kisha wakaanguka mmoja mmoja. Aliyaona yote hayo, akanyamaza. Kunyamaza nako kuna tija yake, maana alipandishwa cheo mara mbili.

Kujua ni nini? Swali hilo lilimwandama Sadala kila alipokaza kamba ya mbao zake. Mama yangu aliujua mchicha kwa kuupika. Jumba linaujua mchicha kwa kuubana. Nani kaujua zaidi? Ukimjua mtu hata usimwachie upenyo wa kuwa mwingine, umemjua au umemmaliza? Na mimi je. Anayenijua mimi ni nani. Kibao kinanijua. Viatu vinanijua. Jumbani naitwa Mtambuzi hata na yule anayeniletea chai. Jina nililopewa na mama liko kinywani mwa mtu mmoja tu duniani. Kinywa kimoja. Na kinywa hicho leo asubuhi kimeniita wewe.

Mwenye kinywa hicho alikuwa dada yake, Mwanatumu, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu na kumchapa alipoiba sukari. Ugonjwa wake ulianza kwa vitu vidogo. Alisahau neno kijiko, akacheka mwenyewe. Akasahau kikombe, dirisha, mkeka. Akasahau majirani, kisha akasahau kwamba aliwahi kuwa na majirani. Madaktari walimwambia Sadala ukweli, nao ukweli wao ulikuwa mchungu: mambo yatamtoka moja moja, na siku moja litamtoka la kupumua. Jana alisahau kumeza. Sadala alimkanda koo kwa vidole viwili mpaka uji ukashuka, huku machozi yakimtiririka yeye badala ya mgonjwa. Na leo asubuhi alimtazama kwa adabu anayopewa mgeni, akamwambia, "Wewe, karibu ukae. Mwenyewe hayupo."

Basi siku hiyo Mtambuzi alifanya jambo ambalo hakuna mtambuzi aliyelifanya. Alifungua Daftari Kuu, ukurasa wa kawakawa, akaliiba jani. Alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba katika msitu ule kawakawa hutuliza maumivu, husafisha damu, na humrudisha mtu aliyepotelea ndani yake. Jani lilikuwa zuri ajabu: umbo la moyo, ncha kali, halina doa wala tundu. Alilichemsha kwenye sufuria ndogo ya nyumbani. Lilizunguka majini tangu maji ya baridi hadi maji ya kutokota, na maji yakabaki maji, hayakugeuka rangi, hayakutoa harufu. Alimnywesha Mwanatumu kijiko kwa kijiko. Mwanatumu akauliza kijiko ni nini.

Ndiyo maana leo Sadala aliingia msituni bila mkasi. Mbao aliziacha, kamba aliiacha, kopo aliliacha. Kibao kifuani alikisahau, au tuseme kilikuwa kimeota hapo. Alikwenda kumtafuta Ngahuia.

Ngahuia alikuwa mganga wa majani kabla Jumba halijaupiga uganga wake marufuku kwa barua ya mistari miwili. Barua hiyo aliwashia moto. Usidhani alikuwa ajuza wa mvi na mkongojo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mabuti ya mpira na koti la mvua la njano, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuacha kucheka. Sadala alimkuta amepiga magoti mbele ya kichaka cha harakeke, ule mmea wenye majani marefu ya mfano wa upanga, ambao watu wake hufuma vikapu kwa nyuzi zake na kupaka vidonda kwa utomvu wake. Kichaka chote kilikuwa kimeoza katikati.

"Hodi," akasema Sadala.

"Hodi ya nini tena, kaka? Ulipokuja na mkasi hukubisha."

"Dada Ngahuia, nina mgonjwa."

"Wa kwako au wa Daftari?"

"Wa tumbo moja. Dada yangu, aliyenilea."

Ngahuia aliupenyeza mkono katikati ya kichaka akatoa ute mweusi, akamnyooshea auone. "Huu unaujua?"

"Harakeke. Ukurasa wa kumi na mbili."

"Nimekuuliza kama unaujua." Akajifuta mkono kwenye majani. "Hili la katikati lililooza lilikuwa mtoto. Haya mawili ya pembeni yanayomkumbatia ni mama na baba. Ya nje ni mababu. Sisi tukitaka majani hukata mababu, wameshaishi, hawana kinyongo. Mtoto hakatwi, wala wazazi wake hawakatwi. Wewe ulikata lipi?"

Sadala alikumbuka. Fomu ilitaka chipukizi changa, lisilochakaa. Alikata lililo katikati, kichaka baada ya kichaka, kilima baada ya kilima, akajisifu kwa mkono wake usiotetemeka. Sasa alitazama bondeni akaona vichaka vyote vimeinama, familia nzima nzima zikifa zikiwa zimesimama. Uso ulimwaka kwa aibu.

"Sikujua," akasema.

"Hukujua. Na bado kifuani umeandikwa unajua." Alisimama, magoti yakalia. "Haya, sema. Mgonjwa ana nini?"

Akamweleza yote: kijiko, dirisha, majirani, koo, mgeni aliyekaribishwa akae. Alipofika penye jani lililoibwa na maji yaliyobaki maji, Ngahuia alimkatiza kwa kicheko kifupi kisichokuwa na furaha.

"Unasema lilikuwa zuri. Zuri namna gani?"

"Kamili. Halina tundu hata moja."

"Mungu wangu." Ngahuia alijishika kiuno. "Kaka, kawakawa haichumwi hivyo. Unakwenda upande wa mti linakochomozea jua. Unasema neno la kuomba ruhusa. Kisha unatafuta jani lililotobolewa na kiwavi, lililotobolewa hasa, liwe chekecheke. Hilo ndilo dawa. Kiwavi hana ujinga, hali jani lisilo na nguvu. Jani lisilo na tundu ni jani ambalo hakuna aliyelitaka."

"Lakini amri ilisema..."

"Najua ilivyosema. Na yale yenye matundu uliyafanyaje?"

Sadala hakuweza kumtazama usoni. Majani yenye matundu aliyaita magonjwa. Aliyakusanya akayachoma, na miti aliipulizia dawa ya kopo ili viwavi wasiharibu vielelezo vya kesho. Viwavi walidondoka kama mchele uliomwagika, akawakanyaga akipita. Miaka saba, au tangu asubuhi, alikuwa akitupa dawa na kuhifadhi maganda, na kila jioni alikunywa chai kwa amani ya mtu aliyetimiza wajibu.

Na hapo msomaji usimcheke sana. Nani kati yetu hajawahi kuchagua embe lisilo na doa, akafika nyumbani akakuta halina utamu? Tofauti ni kwamba sisi hatukuua wadudu wa nchi nzima ili tuwe na hakika.

"Imebaki?" akauliza. "Kawakawa, hata mti mmoja?"

Mvua iliyokuwa ardhini ilianza sasa kuonekana angani. "Umebaki mmoja," Ngahuia akasema. "Niliuficha. Lakini na mimi nimefanya langu la kunitia aibu. Twende ukaone."

Walishuka bonde ambalo Sadala aliapa kwamba hajawahi kulishuka, ila matopeni aliona nyayo za viatu vyake mwenyewe, mpya, zikitangulia mbele. Hakuuliza. Alizikanyaga zile zile, hatua kwa hatua, na zilimtosha.

Mwisho wa bonde palikuwa na uwazi mdogo, na hapo palisimama vichaka tisa. Vyote vilikuwa na shina jeusi lenye mafundo kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi, vyote vilikuwa na majani ya umbo la moyo. Sadala aliyatazama majani hayo, na bila kutaka akakumbuka tambuu: mama yake kibarazani, kopo la chokaa, midomo myekundu, kucheka kwake. Jani la kawakawa na jani la tambuu ni ukoo mmoja, mtu wa pwani hawezi kukosa kulisalimu. Lakini hapakuwa na jani hata moja lenye tundu. Yote yalikuwa mazima, yanang'aa, na katika uwazi ule hapakuwa na mdudu, hapakuwa na ndege, wala hapakuwa na sauti.

"Msitu haupendi pengo," Ngahuia akasema kwa sauti ya chini. "Ulipoitoa kawakawa ukaitia Daftarini, mahali pake pakaota hii. Haina jina. Sura ile ile, shina lile lile. Mimi nikaona niuchukue mti wa kweli uliobaki niupande katikati ya hizi za uongo, watu wa Jumba wasiutambue. Ujanja huo. Mwanzo zilikuwa mbili. Niliporudi zikawa nne, na sasa tisa, na mimi mwenyewe siujui tena wa kweli ni upi."

"Wewe? Hujui?"

"Mimi nilikuwa nawauliza viwavi!" Sauti ilimpanda. "Mama yangu aliwauliza viwavi, na mama yake. Hatukuhitaji kujua, kaka, tulihitaji kuwa majirani. Wewe umewaua majirani halafu unakuja kuniuliza nyumba ni ipi."

Wakasimama. Ukungu ulikuja ukakaa kati ya vichaka, ukatulia huko kana kwamba nao ulikuwa ukingoja kusikia jibu. Sadala aliwaza habari ya Mwanatumu, kifua chake kinavyopanda na kushuka, na namna siku moja kifua kitapanda, kisha kisikumbuke linalofuata. Huenda ni kesho. Huenda ilikuwa jana na habari haijafika. Kwa mara ya kwanza tangu utoto aliogopa.

"Cha kweli kina ladha gani?" akauliza.

"Kinauma ulimi kama pilipili manga, kisha ulimi unakufa ganzi kidogo. Huwezi kukikosea."

"Na cha uongo?"

"Cha uongo hakina ladha. Nilikiramba siku moja tu. Nilipoinuka nilikuwa nimesahau wimbo aliokuwa akinibembelezea bibi yangu. Mpaka leo haujarudi." Alimkazia macho. "Kitu kisicho na jina kina njaa, kaka. Kinajitafutia."

"Basi nitaonja mimi. Kiwavi hayupo, nitakuwa kiwavi."

"Unajua yanayompata kiwavi? Anakula, analala, anaamka ni nondo. Ukimwonyesha jani alilotoboa hajui ni lake. Hajui kama aliwahi kutambaa."

"Kwenu mtu akionja badala ya kiwavi inakuwaje?"

"Kwetu hakuna aliyewahi. Kwetu viwavi hawakuwahi kwisha."

Ngahuia akatoa kikapuni mwake majani mawili ya nje ya harakeke, mababu, akayapasua kwa ukucha, akasokota kamba juu ya paja lake upesi upesi. Ncha moja akaifunga kwenye kiwiko cha Sadala, nyingine akajizungushia kiganjani. "Nitakuvuta ukianza kupotea. Nikuambie nini nikikuvuta?"

Sadala hakufikiri. "Niambie kuna mgonjwa. Niambie anaitwa Mwanatumu, na mlango wa kutokea msituni ni ule uliopakwa rangi nyeupe, na nyumba ni ya tatu kutoka kisimani."

"Basi?"

"Basi."

Hayo ndiyo aliyomwambia. Hakumwambia zaidi, hata jina lake mwenyewe, na Ngahuia hakuuliza zaidi, kwa kuwa tangu siku ya kwanza alimwita kaka na kaka alikuwa akiitika.

Walikwenda upande wa jua kuchomoza. Ngahuia akasema neno la kuomba ruhusa kwa lugha yake. Sadala akainama kwenye kichaka cha kwanza, akaliuma jani likiwa bado mtini.

Halikuwa na ladha. Lilikuwa kama kutafuna karatasi. Alipoinua kichwa alihisi kitu kidogo kimemtoka, na baada ya kutafuta akajua ni harufu ya udongo wa kwao baada ya mvua. Alijua kwamba ipo, hakujua iko vipi. Hasara ndogo hiyo, akajiambia, mtu anaishi bila harufu.

Kichaka cha pili kilichukua shule aliyosoma. Cha tatu kilichukua jina la mchumba aliyemwacha, na huyo tuseme alikwenda na heri yake. Cha nne kilichukua uso wa mama. Hapo Sadala alilia kwa sauti, kwa sababu kibaraza kilibaki na kopo la chokaa lilibaki na midomo myekundu ilibaki ikicheka, lakini juu ya midomo hapakuwa na mtu. Ngahuia akavuta kamba.

"Kuna mgonjwa," akasema.

"Kuna mgonjwa," Sadala akaitikia, akatambaa hadi cha tano. Ndiyo, alikuwa akitambaa sasa.

Cha tano. Nini kiliondoka? Idadi ya miaka. Nina miaka mingapi. Nina miaka. Mmea unajua umri wake kwa mafundo, mimi sina fundo. Cha sita. Jumba. Kulikuwa na jumba, lina chai. Nilifanya nini mle ndani? Nilibana. Nilibana nini? Kama nisingekuwa nimebana nisingekuwa natafuna. Ni haki. Nani amesema ni haki? Majani yananitazama. Nilikuwa nikiyatambua, sasa ni zamu yao, yananisoma mimi ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa yanaousoma hauna haja ya kuwapo kwingine.

"Mwanatumu," sauti ikasema, na kamba ikauma mkono. "Anaitwa Mwanatumu. Nyumba ya tatu kutoka kisimani."

Cha saba nacho hakikuwa na ladha. Na cha nane, alipoliuma jani lake, kilimtoa kitu ambacho hakukijua ni nini. Yale mengine yalipoondoka yaliacha pengo analoweza kulipapasa. Hiki kiliondoka na pengo lake. Sadala alijipapasa ndani kote, akajikuta hana upungufu, akashukuru.

Kichaka cha tisa kilimuuma. Ulimi uliwaka, machozi yakamtoka, kisha ganzi ikatambaa taratibu kutoka ncha ya ulimi hadi mzizi. Alicheka na kulia. Akauma jani la pili, la tatu, kila jani akilitoboa mara kadhaa kwa meno ya mbele, akalitemea mate, mpaka matano yakawa chekecheke. Ngahuia alimshika mkono. "Yanatosha. Usizidishe." Akayakata hayo matano tu, akamtia kiganjani, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili. Na Ngahuia, ambaye hakuwahi kumpa neno la upole, alisema, "Nenda, kaka. Nenda sasa, wala usisimame na mtu."

Lakini ukumbini alisimamishwa. Mkuu wa Majina mwenyewe, msimamizi wa Jumba, alikuwa nje ya mlango mweupe, na kikombe cha chai mkononi, mtu mpole wa sauti ya pamba. Nyuma yake ilikuwa saa ya ukutani. Saa nne na dakika kumi.

"Mtambuzi. Fungua mkono."

Akaufungua. Mkuu aliinama, akayatazama majani matano yaliyotobolewa, yenye alama za meno na mate. Akakunja pua.

"Mabovu," akasema. "Yameliwa. Jumba halipokei vitu vilivyoliwa na wadudu. Katupe huko nje."

"Ndiyo, mzee."

Mkuu hakuondoka. Alimtazama usoni kwa muda, kwa umakini ule ule wa mtu anayetazama kielelezo dhidi ya mwanga, akageuza kichwa huku na huku kutafuta tundu au doa. Kisha akatabasamu, na tabasamu hilo lilimtia Sadala baridi ambayo hakuweza kuieleza.

"Umebadilika, Mtambuzi," akasema. "Huna tena yale maswali usoni. Vizuri sana. Ulikuwa mfanyakazi mzuri, sasa umekuwa kamili. Ukishatupa hayo, rudi, kuna ukurasa nataka uuone." Akanywa chai yake.

Nyumba ilikuwa ya tatu kutoka kisimani. Mlangoni hakupiga hodi kwa sababu hakukumbuka kama ni desturi. Ndani, kitandani, alilala mwanamke ambaye kifua chake kilipanda, kikakaa, kikakaa, kikashuka kwa kushangaa. Huyu ndiye mgonjwa, akajiambia. Huyu anaitwa Mwanatumu. Aliyajua hayo kama mtu anavyojua anwani aliyoelekezwa. Lakini alipomtazama akapandwa na huruma kubwa isiyo na sababu, kubwa kuliko aliyoelekezwa, akaharakisha kuwasha moto.

Maji yaligeuka kijani, kisha yakawa na rangi ya asali. Harufu ikajaa chumbani, ya pilipili na ya udongo. Alimwinua kichwa, akamnywesha kijiko kwa kijiko, akimkanda koo kwa vidole viwili; vidole vilijua namna. Kifua kilipanda. Kikakaa. Aliuzuia na yeye mpumuo wake asubiri pamoja naye. Kikakaa zaidi ya hapo. Halafu kikashuka, kikapanda, kikashuka, kikaendelea hivyo bila kuuliza mtu.

Mwanatumu alifumbua macho akatazama chumba.

"Kijiko," akasema polepole. "Kikombe. Dirisha." Kila neno lilipotoka, kitu chake kilionekana kusogea kikakaa mahali pake. "Mkeka. Ule mkeka nilinunua Idi ile ya mvua. Na Mama Hadia wa nyumba ya pili, yule hajarudisha ungo wangu." Akacheka kwa sauti iliyokauka. Akajipangusa machozi, akageuza uso, akamwona aliyekaa kando ya kitanda na sufuria mapajani. Uso wake wote ulifunguka. Aliinua mkono akamgusa shavuni, ule mkono uliomfunga kamba za viatu.

"Sadala," akasema. "Mdogo wangu. Sadala."

Mtu yule alitabasamu kwa adabu, akageuka kutazama mlangoni ni nani aliyeingia.